Fomu ya Udaktari Haina Nafasi ya Uzamili

Kila ifikapo Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, mlango wa ofisi yangu hugongwa na watu ambao hawakufanya mtihani huo mwaka huu wala mwaka jana. Ni wanafunzi wangu wa zamani. Nafundisha takwimu za afya katika chuo kimoja cha tiba, somo ambalo wengi hulipita mbio kama wapitavyo makaburini usiku, kwa hiyo mtu akinitembelea kwa hiari yake huwa najua ana shida. Na shida ni ile ile: “Mwalimu, nataka kwenda kusoma udaktari.”

Hawa si watoto. Wana shahada ya uzamili ya afya ya jamii, au ya epidemiolojia, au ya utafiti wa tiba. Wana miaka 28, 31, mmoja alikuwa na 38 na watoto watatu. Kwa miaka mingi niliwapa jibu fupi na chai, nikawarudisha kazini kwao. Siku hizi siwarudishi tena haraka hivyo, na makala hii ni maelezo ya kwa nini.

Mwaka jana aliyegonga ni binti niliyemsimamia tasnifu yake. Jina lake nalihifadhi. Nitamwita Msimamizi, kwani ndiyo kazi yake: anasimamia utafiti wa homa za watoto katika vijiji vya mkoa wa Tanga. “Shikamoo, Mwalimu.” “Marahaba, mwanangu. Kaa.” Hakukaa. Alitoa bahasha ya kaki mkobani, akaweka mezani cheti chake cha uzamili, kisha juu yake akakiweka cheti cha kidato cha sita cha mwaka 2012. Baiolojia B. Kemia C. Fizikia E.

“Hiki cha chini hawakiulizi kabisa,” akasema. “Hiki cha juu ndicho kinachonimaliza.”

Nieleze hesabu hiyo kwa ambao hawajawahi kuipitia. Katika kidato cha sita, A ni alama 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kwa miaka ya karibuni umemtaka anayeomba udaktari awe na jumla ya alama zisizopungua 6 katika Fizikia, Kemia na Baiolojia, na katika kila somo asishuke chini ya D. Hicho ni kizingiti cha chini tu. Vyuo vinavyokimbiliwa na wengi hupandisha juu zaidi. Msimamizi ana 4, na 3, na 1. Jumla 8. Amezivuka zile 6. Lakini ile E, aliyoipata akiwa na miaka 20, imekaa mlangoni kama mlinzi asiyepokea rushwa.

Baada ya hapo alifanya nini? Alisoma shahada ya afya ya mazingira. Akaajiriwa kwenye mradi kama mkusanya data, akatembea kwa pikipiki mpaka akajua njia za Muheza na Korogwe kuliko madereva. Akasoma uzamili. Jina lake limo katika makala mbili za kisayansi, na moja ameiandika yeye kuanzia sentensi ya kwanza. Hayo yote, kwenye mfumo wa maombi wa chuo, hayana pa kuandikwa. Mfumo unaomba namba ya mtihani, unavuta matokeo, unajumlisha, unapanga. Hakuna barua ya maelezo binafsi, hakuna usaili, hakuna anayeuliza: tangu 2012 ulikuwa wapi?

TCU hutoa vitabu viwili vya mwongozo, kimoja cha wanaotoka kidato cha sita, kingine cha wenye stashahada na sifa linganifu. Nimevipitia kalamu mkononi. Katika hicho cha pili, tabibu mwenye stashahada na wastani wa 3.0 ana njia ya kuingia udaktari, ilimradi cheti chake cha kidato cha nne kiwe na ufaulu katika masomo ya sayansi, Hisabati na Kiingereza. Ni njia nzuri, naiunga mkono kwa mikono miwili. Uzamili wa utafiti sikuuona ukitajwa kama sifa ya kuingilia.

Ndiyo maana ushauri unaozunguka mitaani kwa watu kama Msimamizi ni wa kuchekesha na kuliza kwa pamoja: rudi ukasome stashahada ya utabibu. Huko huingii kwa cheti cha kidato cha sita, unaingia kwa cha kidato cha nne. Yaani mwenye shahada mbili afungue kabati, apekue mpaka chini kabisa, atoe karatasi aliyoipata akiwa na miaka 17, na hiyo ndiyo imfungulie. Miaka 3 ya stashahada, miaka 5 ya udaktari, mwaka 1 wa utarajali. Msimamizi ana miaka 33. Atavaa koti lake akiwa na 42. Na akiitazama Bodi ya Mikopo, mwongozo wake wa miaka ya karibuni uliweka ukomo wa umri wa miaka 35 kwa mwombaji.

Mtu anayeambiwa hayo na bado akasimama mbele yako na bahasha yake, unapaswa kumuuliza kinachomsukuma. Nilimuuliza.

Zamani, mtu akiingia vijiji vya pwani na sindano na vichupa, watoto walikimbizwa ndani: mumiani huyo, mnyonya damu. Minong’ono hiyo haijaisha, na mtafiti asiyeijua atafunga mradi wake mapema. Ila jina ambalo wafanyakazi wa utafiti huitwa zaidi siku hizi ni jingine. Ukishika kipimo, ukamtoboa mtoto kidole, ukasoma mistari miwili ukasema “ana malaria”, wewe ni daktari. Ukikanusha, watu hucheka wakidhani unajishusha kwa heshima.

Msimamizi alinisimulia siku moja ya masika. Mama mmoja alimletea mtoto ambaye hata hakuwa wa utafiti. Nyumba yao haikuangukiwa na bahati nasibu ya sampuli. Mtoto anapumua haraka, kifua kinabonyea ndani kila akivuta pumzi. Itifaki ya utafiti ilisema la kufanya: andika rufaa, elekeza zahanati. Aliandika. Kisha akageuza gari la mradi lililokuwa limebeba sampuli kwenye barafu, akampakia mama na mwanawe mpaka hospitali. Sampuli za siku hiyo ziliharibika, na baadaye alieleza kwa maandishi kwa nini. Pale wodini mtarajali mmoja, kijana mdogo kwake kwa miaka mingi, akaandika oksijeni, akaandika sindano, akanyanyua macho akamuuliza: “Wewe ni nani wa mgonjwa?”

“Mwalimu, nilikosa la kujibu.”

Yule kijana hakukosea. Mwongozo wa kimataifa wa majaribio ya tiba, uliokubaliwa mwaka 1996 na ambao sote tunafundishwa kila tunapoanza mradi, unasema wazi kwamba maamuzi ya kitabibu juu ya mshiriki ni jukumu la daktari aliyehitimu. Ni kanuni sahihi. Imeandikwa kwa sababu watu wamekwisha umizwa kwa jina la sayansi. Lakini tazama inavyomweka mtu wa aina ya Msimamizi: ndiye anayejua nyumba, anayejua jina la mtoto na la bibi yake, anayejua homa ilianza lini, na ndiye asiyeruhusiwa kuandika hata dozi moja. Wengi huizoea hali hiyo. Wachache inawakaba.

Sasa niwe mkweli, kwa sababu si wote wanaogonga mlango wangu wamekabwa na kitu hicho. Wengi wamechoka tu kuamrishwa. Katika taasisi zetu za utafiti mtafiti mkuu kwa kawaida ni daktari, na hutokea daktari aliyehitimu juzi akawekwa juu ya mtu aliyesimamia miradi mitatu. Mkutanoni mmoja anaitwa “Dokta”, mwingine anaitwa “wewe wa data”. Mshahara nao unafuata majina hayo. Haya ni malalamiko ya haki. Ila dawa yake si miaka 5 ya kusoma udaktari. Kama kinachokuuma ni cheo, soma uzamivu. Utaitwa Dokta bila kugusa maiti, na lugha yetu haitakubagua, maana kwa Kiswahili Dk. wa mbu na Dk. wa moyo huandikwa sawasawa. Wen Kilama, aliyeiongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, tangu mwanzo wake baada ya sheria ya 1979, alikuwa mtaalamu wa jenetiki ya mbu. Hakuwa daktari wa wodini, na utafiti wa malaria nchini uliinuka mikononi mwake.

Tena madaktari wenyewe wanatuhitaji zaidi kuliko wanavyokiri. Anayesomea ubingwa lazima aandike tasnifu, na kila mwaka, miezi miwili kabla ya kukabidhi, huanza kuja kwangu mabingwa watarajiwa, Excel mkononi, safu zimechanganyika, umri wa mgonjwa mmoja umeandikwa 340. “Mwalimu, nisaidie tu nipate p.” Nawasaidia. Nawapenda. Lakini nikiwaona nawaza: huyu alipita mlango wa A tatu bila mtu kumuuliza kama anajua swali la utafiti ni nini; na yule anayejua hakuruhusiwa hata kusogelea mlango.

Niliahidi kueleza nilivyobadilika. Miaka zaidi ya kumi iliyopita kijana mmoja alinijia na shida hii hii, nikamvunja moyo kwa ufundi mkubwa, kwa hesabu, kwa grafu nadhani. Hakunisikiliza. Alikwenda kusoma utabibu kwa cheti cha kidato cha nne, akarudi akasoma udaktari katika chuo binafsi kwa kuuza shamba la urithi. Sikumwona tena mpaka mama yangu mzazi alipolazwa hospitali ya wilaya, nami nikaenda kumuuguza. Daktari aliyepita raundi asubuhi alikuwa yeye.

Alimhudumia mama vizuri, na hilo lingetosha. Jioni akanionyesha kitu kingine. Alipofika hapo alifungua kitabu cha MTUHA namba 5, kile cha wagonjwa wa nje, akaanza kuhesabu. Safu kwa safu homa ziliandikwa “malaria” bila jibu la kipimo kuonekana popote, na dawa ikatolewa. Daktari mwingine angeona kitabu kibovu. Yeye aliona data. Akakaa na wauguzi wiki mbili bila kumgombeza yeyote, wakakubaliana kwamba hakuna dawa ya malaria inayotoka dirishani bila namba ya kipimo pembeni. Miezi michache baadaye wakajua ni homa ngapi kati ya zile hazikuwa malaria hata kidogo, na wakaanza kutafuta ni nini. Hakuandika makala. Nilipomsisitiza aandike alicheka, akasema zamu yake inaanza saa mbili usiku. Nilirudi nyumbani na aibu ambayo sijaimaliza mpaka leo.

Wengine duniani wamelitatuaje? Johannesburg, Chuo Kikuu cha Witwatersrand kina njia ya udaktari kwa wenye shahada: wanafanya mtihani maalumu wa kujiunga, wakichaguliwa wanaungana na walio mwaka wa tatu, wanasoma miaka 4. Australia, Chuo Kikuu cha Flinders kilianza utaratibu wa wenye shahada mwaka 1996. St George’s ya London ikafuata mwaka 2000. Marekani kwao udaktari kwa kawaida ni shahada ya pili, na tangu 1964 serikali yao inafadhili mafunzo yanayounganisha udaktari na uzamivu. Lakini asitokee mtu akadhani huko uzamili ni sabuni. Mfumo wao mkuu wa maombi, AMCAS, huhesabu alama za shahada ya kwanza peke yake na za uzamili peke yake. Ukiwa ulivurunda Kemia ya mwaka wa kwanza, uzamili mzuri hauifuti; unakaa pembeni yake, na wasaili watasoma vyote viwili. Kisha kuna mtihani wa MCAT, ambao haujali kama wewe ni mtafiti au mpishi. Hilo naliona ni jambo la haki: wanakuuliza unajua nini leo.

Nasi si wageni wa ngazi za namna hii. Kwa miongo mingi nchi hii ilichukua matabibu waliokwisha fanya kazi, ikawasomesha miaka 2 zaidi, ikawafanya madaktari wasaidizi, wale tuliowaita AMO. Sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi katika hospitali za wilaya ilifanywa na wao, na akina mama wengi wanaosoma gazeti hili walizalishwa au walizaliwa mikononi mwao. Hakuna aliyesema uzoefu wa kazi si sifa. Tulisema ni sifa, kisha tukampima mtu kwa mtihani.

Najua hoja zitakazorushwa. Ya kwanza ni nzito: kuna binti wa miaka 19 huko Sumbawanga mwenye A tatu, kwa nini nafasi yake apewe mtu ambaye taifa limekwisha msomesha mara mbili? Nakubali, na ndiyo maana siombi nafasi yake. Naomba nafasi chache zitengwe nje ya zile za kidato cha sita, zisizidi tano katika darasa la mia, na mwenye kuziomba asigombee mkopo wa serikali. Alipe mwenyewe, au alipiwe na mwajiri wake kwa mkataba wa kurudi kazini.

Ya pili: madaktari wapo mtaani hawana ajira, unataka kuongeza wengine? Kweli wapo, na ni fedheha. Lakini mtu wa aina ya Msimamizi hatoki mtaani wala harudi mtaani. Ana taasisi inayomngoja, na wilaya inayohitaji daktari anayejua kusoma kitabu cha MTUHA kama mwingine asomavyo eksirei.

Ya tatu husemwa kwa kunong’ona na wenzangu wa kamati za udahili: ukifungua mlango huu, kila aliyefeli Fizikia atanunua uzamili. Inawezekana, kwa kuwa uzamili wa kununua upo, tusijidanganye. Basi uzamili usiwe tiketi. Uwe ruhusa ya kufanya mtihani tu: Fizikia, Kemia na Baiolojia zinazohitajika wodini, zitungwe na vyuo vya tiba vyenyewe, kisha usaili wa watu watatu wenye masikio. Ukishinda unaanza mwaka wa kwanza pamoja na wa miaka 19, anatomia hiyo hiyo, harufu hiyo hiyo ya maiti. Utasamehewa takwimu na mbinu za utafiti, na mwalimu wa somo hilo, ambaye ni mimi, hatanung’unika.

Nawaomba TCU na wakuu wa vyuo vya tiba, kuanzia Muhimbili mpaka Bugando, waliangalie jambo hili kabla vitabu vya mwongozo vya mwaka ujao havijachapwa. Ni ukurasa mmoja tu.

Msimamizi hausubiri. Amejiandikisha kurisiti kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, masomo yote matatu, na namba yake ya mtihani inaanza na P. Jumamosi anakwenda kituo cha tuisheni Tanga mjini, anasimama kwenye maabara ya kuazima na vijana wanaomwita “mama”, anadondosha asidi tone kwa tone mpaka rangi igeuke. Fizikia anafundishwa na kijana wa mwaka wa pili chuo kikuu. Mtihani ni Mei. Likizo ameshaomba, na mwajiri wake ameikubali bila malipo.